Baharini kati ya Helsinki na Tallinn

Za Helsinki sina mengi ya kusimulia. Kilichonikaa rohoni ni zile saa mbili za kuvuka kwenda Tallinn.

Ndani ya meli kila kitu kinataka euro, hata kahawa isiyo na ladha, na viti vya bure vilishajaa. Nikaishia sitahani, upepo ukikata masikio. Hapo ndipo nikakutana na mzee wa Kiestonia, mstaafu wa kazi za umeme. Akanyoosha kidole mashariki. "Waya wa umeme wa Estlink 2, unaopita chini ya bahari, ulikatwa kule," akasema.

Ilikuwa Krismasi ya 2024. Meli ya mafuta Eagle S, iliyotoka Urusi, ikashukiwa kuburuta nanga juu yake. Uwezo wa kupitisha umeme baina ya Finland na Estonia ukashuka kutoka megawati 1,016 hadi 358, na matengenezo yakachukua karibu nusu mwaka.

Mimi ni mtu wa Unguja, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika, tulikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, tukabeba maji kwa ndoo, na mitaa ikanuka moshi wa jenereta usiku kucha. Hakuna nchi ya jirani iliyotuma manowari.

Hawa walitumiwa. Wafini waliidaka Eagle S kwa helikopta, Estonia ikapeleka meli ya doria Raju kulinda waya uliobaki, meli ya Sweden ikaiopoa nanga. Januari 2025 NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ikaanzisha doria ya Baltic Sentry, yenye manowari, ndege na droni. Mwezi uliofuata nchi tatu za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, zikajitoa kwenye gridi ya umeme ya Urusi.

"Sasa manowari inazuiaje nanga?" nikamuuliza.

"Inamfanya nahodha ajue anaonekana," akajibu. Kisha akakunja uso: Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ilitupa kesi ya maofisa wa Eagle S, kwa kuwa tukio lilikuwa nje ya maji ya Finland na mahakama haikuwa na mamlaka. Nami nilikasirika pamoja naye. NATO nzima inakesha baharini, halafu aliyekamatwa anakwenda zake!

Yeye anachokitaka zaidi ni waya wa tatu, Estlink 3, ambao bado umo kwenye mipango. Nikamwambia sisi waya mpya tuliupata 2013. Akataka kujua unalindwa na nani.