Reflekta nyingi zinapomficha mzimamoto

Reflekta haitawanyi mwanga pande zote. Huurudisha kule kule ulikotoka, kwenye taa za gari linalokuja, karibu na macho ya dereva. Ndiyo maana gari la zimamoto likiegeshwa mshazari kukinga eneo la ajali, mng'ao hufifia: mwanga ukiipiga reflekta kwa kuiparaza, unaorudi ni kidogo.

Nchini Marekani, kanuni ya magari ya zimamoto NFPA 1901 (NFPA ni chama cha kinga dhidi ya moto) ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 50 ya sehemu ya wima ya nyuma ya gari ifunikwe mistari ya reflekta iliyoinama nyuzi 45, kila mmoja upana wa inchi 6, ikishuka kutoka katikati kwenda pembeni. Nia ni njema. Lakini mzimamoto mwenye kizibao cha njano akisimama mbele ya mistari ya njano, umbo lake humezwa. Dereva anaona gari, mtu hamwoni. Hili ndilo hatari kuliko yote, na dawa yake ni kutofautisha rangi ya kizibao na ya gari.

Miraba ya Battenburg ya Uingereza, yaani miraba ya rangi mbili zinazopishana kwenye magari ya dharura (polisi bluu na njano, ambulensi kijani na njano), yafaa iwe mikubwa na michache. Ikiwa midogo na mingi, kwa mbali huvuruga umbo la gari badala ya kulionyesha. Anza na utepe wa reflekta kwenye kingo zote za gari, ndipo ujaze katikati.

Na osha! Tope huua reflekta. Rangi ya floresenti (ile kali inayoonekana kama inawaka) nayo husaidia mchana na machweo, si usiku.