Oil ya trekta: hesabu masaa, usihesabu msimu

Kila mwaka mvua zikikaribia, kuanzia mwezi wa kumi hivi, swali linalonifuata sana huku Mbeya ni oil gani niweke kwenye Massey na niibadilishe lini, na jibu la mtaani ni lilelile, weka namba 40 mwanzo wa msimu basi umemaliza. Mi hapo sikubali kabisa.

Namba 40 tupu, yaani isiyo na W mbele, asubuhi ya baridi ya Uyole au Makambako, inakuwa nzito kama uji uliolala, injini inawaka ila oil inachelewa kufika juu, na muda huo mfupi ndo beringi na ringi zinaliwa. Chukua 15W-40 ya dizeli. Hiyo 15W ndo inaifanya itiririke ikiwa baridi, na 40 ni uzito wake injini ikishachemka, kwahiyo trekta hiyohiyo ikishuka kwenye joto la bonde la Usangu haina neno. Kwenye dumu tafuta API halafu herufi C, mfano CF-4 au CI-4, ndo za dizeli, ukikuta S tu bila C hiyo ni ya petroli, iache dukani hata kama bei nzuri. Na ile ya kupima kwenye chupa isiyo na lebo usiiguse jamani, tafadhali.

Sasa masaa. Trekta nyingi za sasa ni saa 250 pamoja na filta, za zamani fuata kitabu chake, ikiwa mpya kabisa ile oil ya kwanza mwaga kwenye saa 50. Ila kazi ya Usangu ni vumbi na tope kutwa nzima, huko mi nashusha mpaka 150. Mita ya masaa imekufa? Za mtumba nyingi imekufa, basi hesabu ekari: trekta ya hp 75 na plau ya disiki tatu inalima kama ekari moja kwa saa, na dereva ekari anaziandika tu maana ndo hela yake, zikifika 150 mwaga. Siku za kusomba mahindi na tela aandike masaa.

Weusi usikutishe, oil nzuri ya dizeli inabeba masizi ndo maana inawahi kuwa nyeusi. Chomoa stiki ya kupimia oil, sugua tone kwenye vidole na unuse. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia, usiwashe. Ikinuka dizeli na kipimo kinapanda badala ya kushuka, kwenye injini za Perkins za zamani anza na ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli, diaframu ikipasuka dizeli yote inashukia kwenye sampu, lile bakuli la oil chini ya injini, na injini inanoki hivihivi unaangalia.

Msimu ukiisha mwaga uweke mpya kabla ya kulaza trekta, hata kama masaa hayajafika, maana oil iliyotumika ina asidi na miezi yote hiyo inakaa inakula beringi. Mwaga injini ikiwa moto, na ile chafu ikinge kwenye dumu, usiimwage mferejini, maji ya Usangu ndo yanaenda Ruaha.