Moshi wa Dohani Yetu Wenyewe

Usiku ninaoukumbuka haukuwa na giza. Ilikuwa katikati ya Januari, mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu, na meli yetu, iliyokuwa imeng'oa nanga Cape Town majuma mawili kabla, ilikuwa ndani ya barafu ya Bahari ya Weddell, kando ya Antaktika, karibu nyuzi 69 kusini, mahali ambapo jua la kiangazi huinama mpaka likakaribia maji kisha likapanda tena bila kuzama. Saa tisa na robo niliamka, nikavaa makoti yangu mawili, nikaenda kuzitazama mashine zangu zilizokuwa katika kontena sitahani, upande wa omo, yaani mbele ya meli, ambako bomba refu lilivuta hewa ya nje mchana na usiku.

Mashine ya kuhesabu chembe, ambayo kwa siku nane mfululizo ilikuwa ikionyesha chembe 200 hadi 300 kwa kila sentimita ya ujazo ya hewa, ilionyesha zaidi ya 20,000. Nilisoma mara ya pili, kisha ya tatu. Nakiri kwamba nilipiga kelele peke yangu mle ndani.

Ili furaha ile ieleweke, ni lazima niseme tulifuata nini kule. Mvuke peke yake haufanyi wingu. Unahitaji chembe ya kushikia, nayo nchi kavu huzitoa kwa wingi kutokana na vumbi, mioto ya mashamba, magari na viwanda. Bahari inayoizunguka Antaktika haina majirani wa namna hiyo, na hewa yake ni miongoni mwa hewa safi kabisa zilizobaki duniani. Hata hivyo, mawingu yake ni mengi mno, na sehemu kubwa yake ni matone ya maji ambayo hayajaganda ingawa yako chini ya sifuri, kwa sababu chembe za kuyagandisha ni haba. Programu za kukadiria tabianchi zilikosea hapo kwa miaka mingi: ziliyageuza matone hayo kuwa barafu upesi mno, mawingu yakawa mepesi, na bahari ikahesabiwa kupokea jua jingi kuliko inavyolipokea kweli.

Basi chembe zinatoka wapi? Nyingine ni chumvi inayorushwa na mawimbi. Nyingine huanza kama gesi ya dimethili salfaidi, inayotokana na mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho, ambayo hustawi sana ukingoni mwa barafu wakati wa kuyeyuka. Mwanga wa jua huanzisha mabadiliko yanayoigeuza gesi hiyo kuwa tindikali ya salfa, na tindikali ikishikana hupatikana chembe mpya kabisa. Mwaka 1987 wanasayansi Charlson, Lovelock, Andreae na Warren walipendekeza kwamba kwa njia hiyo viumbe wa baharini huenda wanarekebisha joto la dunia, na mwaka 2011 Quinn na Bates wakaandika kwamba ushahidi hauungi mkono wazo hilo. Mimi nilikuwa nikitafuta kitu kidogo zaidi: kuona chembe zikizaliwa karibu na uso wa bahari, kwenye ukingo wa barafu, jambo ambalo wengi huona hutokea zaidi huko juu angani. Sasa hizi hapa, 20,000, na jua likiwaka usiku wa manane.

Nilimwamsha msimamizi wangu, nikifahamu fika kwamba alikuwa amelala saa mbili tu. Alikuja na viatu visivyofungwa, akaitazama namba, wala hakuisemea neno. Aliuliza upepo unatoka wapi.

Sikujua. Meli ilikuwa imesimama tangu saa tatu usiku ili wenzetu wanaopima maji wateremshe vifaa vyao, na mimi nilikuwa nimelala. Akafungua mlango, akaelekeza kidole juu. Moshi wa dohani ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea omo, juu ya bomba langu. Kipimo cha masizi, ambacho sikuwa nimejisumbua kukitazama, kilikuwa kimepanda saa ile ile.

Kulikuwa na vali ya kufunga bomba kila upepo unapotoka nyuma. Siku mbili kabla nilikuwa nimeizima kwa mkono wangu, kwa kuwa ilifunga mara kwa mara na kunipotezea sampuli. Kichujio kilichokuwa kikikusanya chembe tangu mchana kilitoka cha kijivu. Vya siku zilizotangulia vilikuwa vyeupe kana kwamba havijatumika. Msimamizi hakunigombeza, akairudisha vali na kwenda kulala, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa.

Jumapili nilipata dakika chache za simu ya setilaiti. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Pangani na Unguja, na baada ya shikamoo nilimsimulia mkasa wote, nikirefusha ile sehemu ya tindikali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa lugha ya mabaharia, ambao huita goshi upande upepo unakotoka, na demani upande unakoelekea.

"Sasa mwanangu, hilo bomba lako lilikuwa goshini au demanini?"

"Demanini, baba."

"Na moto uko goshini?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka mpaka simu ikakatika.

Kuanzia siku hiyo daftari langu lilikuwa na safu mpya, goshi na demani, niliyoijaza kila nusu saa meli inaposimama, vali ikiwa wazi au imefungwa. Chembe nilizozitafuta hazikuzaliwa mbele yangu katika safari ile. Katika tasnifu, saa sita za usiku ule zimeachwa wazi, pengo jeupe katikati ya mchoro wa tisa, na chini yake nimeandika maneno mawili: moshi wetu.