Siku niliyoandika Ujerumani pale Kalenga

Agosti 2017 nilirudi Iringa baada ya miaka 6, safari hii nikiwa na binti yangu wa miaka 7 aliyezaliwa Bremen na alikuwa hajawahi kukanyaga Bongo. Uraia wa Ujerumani nilishachukua tangu 2014, sitaeleza sana kwanini, kazi, mtoto, makaratasi, walioko nje wanaelewa. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na nchi mbili, ukichukua wa kwao wa kwetu umeisha. Kwahiyo pale uwanja wa ndege Dar nilipanga foleni ya wageni, nikatoa dola 50 za viza yangu na 50 za mtoto, dada wa uhamiaji akaniuliza kwa Kiswahili umekuja kufanya nini, nikajibu nimekuja kusalimia nyumbani. Akagonga muhuri, akasema karibu Tanzania. Alisema kwa upole kabisa na bado lile neno karibu lilinikaa kooni mpaka Morogoro.

Kuna kitu nataka nikiseme wazi manake ndo kiini cha yote. Nikiwa kule naitetea hii nchi kama wakili. Mjerumani akigusa Afrika mezani namshukia na Nyerere, makabila zaidi ya 120 yanaongea lugha moja, Mkwawa, vyote. Lakini nikifika nyumbani siku 3 hazipiti nimeshaanza, umeme umekatika tena, hii basi mbona haiondoki, kwanini huyu mama kasubirishwa dirishani tangu saa mbili. Bamdogo wangu wa Kihesa, hapohapo Iringa mjini, alivumilia siku kama nne hivi, ya tano asubuhi tunakunywa chai akaweka kikombe chini akaniambia, "Mwanangu, tangu ufike hujasifia hata kitu kimoja. Hata hii baridi ya Iringa hujaisifia." Nilikosa jibu. Akasema jiandaeni, leo tunaenda Kalenga kwa babu.

Babu maana yake Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na Kalenga ndo ilikuwa ngome yake. Mimi Mhehe nimekulia Iringa na Kalenga nilikuwa nimefika mara moja tu, darasa la sita, nakumbuka zaidi miwa tuliyonunua njiani kuliko chochote kingine. Tukakodi teksi, mimi, binti, bamdogo na mamdogo, ambaye yeye ni Msangu. Njia nzima bamdogo anamsimulia mtoto habari za Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jinsi Wahehe wengi wao wakiwa na mikuki tu walivyoilaza jeshi la Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akafia palepale, na mtoto anasikiliza macho yamemtoka. Mamdogo akamwacha amalize, ndo akasema taratibu, "Mwambie na sisi Wasangu wazee wake walituhamisha kwetu Utengule, ndo maana chifu wetu Merere akaenda kujiunga na Wajerumani." Bamdogo akacheka, akasema hayo tulishayamaliza kwa mahari. Lakini mimi lile neno lilinigusa, kwasababu pale Bremen nikisimulia Mkwawa namsimulia kama wa Watanzania wote, Wasangu huwa siwataji kabisa.

Pale getini kuna kibao cha viingilio, Watanzania bei yao na wageni bei yao. Kijana wa makumbusho akatusalimia, "Kamwene," sote tukaitikia, halafu akauliza wote Watanzania? Bamdogo akajibu wote, haraka, na hela ishatoka mfukoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikanyamaza.

Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo. Kuna mikuki, marungu, bunduki, picha za ukoo, na katikati fuvu ndani ya kioo. Sikutegemea lingekuwa dogo vile. Rangi yake ni kama ya udongo uliokauka, na ukisogea karibu unaona pua yako kwenye kioo juu yake. Kijana akaanza kueleza, anaongea vizuri, hana haraka. Kwamba Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya ukuta kupigwa mizinga, kwamba Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne na kichwa chake kimewekewa dau la rupia 5,000, kwamba tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi mwenyewe asishikwe, Wajerumani wakakata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita vya dunia, kifungu cha 246, ukaagiza fuvu lirudishwe, na bado likakaa hukohuko mpaka 1954 ndo gavana Twining akalileta na kumkabidhi chifu Adam Sapi, mjukuu wake, huyuhuyu aliyekuja kuwa spika wa Bunge letu.

"Alilikuta kwenye makumbusho ya mji mmoja unaitwa Bremen," akasema.

Binti yangu akaruka kwa furaha. "Bremen! Ni kwetu! Mimi natoka Bremen!"

Kulikuwa na wanafunzi wa shule ya msingi kama ishirini nyuma yetu na mwalimu wao, wote wakageuka. Yeye kasikia jina la mji wake mahali ambapo hakulitegemea, kafurahi kama mtoto yeyote angefurahi, na mimi nilitamani sakafu ipasuke. Bamdogo anaangalia dirishani. Yule kijana wala hakuchukia, alichuchumaa mbele yake akamuuliza, "Kweli? Hilo jengo lenyewe umeshawahi kuliona?" Mtoto akasema tunapita kila siku, lipo pembeni ya stesheni ya treni. Kijana akaniangalia mimi. Miaka yote anautaja ule mji kwa wageni na hajawahi kupata mtu wa kumuuliza ukoje. Likoje, kubwa? Watu wanaingia? Kuna nini ndani? Ikabidi nimweleze, na nilishangaa jinsi nilivyolijua, mlango, ngazi, jinsi mwanga unavyoingia kutoka juu. Mtoto akaongezea habari za tembo wa matofali aliye upande wa pili wa stesheni, ambaye kwake ni tembo tu. Mimi ndo nikaeleza kwamba walimjenga 1932 kwa ajili ya kukumbuka makoloni yao na baadaye wakamgeuza awe mnara wa kupinga ukoloni. Wanafunzi wote kimya wananisikiliza mimi sasa. Nilikuwa naongea Kiswahili changu cha Iringa mbele ya fuvu la babu, na kila nilichokuwa nacho cha kueleza kilikuwa cha kule.

Wakati wa kutoka kuna kitabu cha wageni, jina, unakotoka, maoni. Bamdogo akaandika Kihesa. Mamdogo akaandika Utengule, hakuandika Kihesa, nikampenda kwa hilo. Nilipofika mimi kalamu ikasimama. Nikaandika jina, halafu nikaandika Ujerumani. Kisha nikamwambia yule kijana samahani, mimi na mtoto ni raia wa nje, tulilipa bei siyo.

Bamdogo alinivuta pembeni, sauti ya chini ila mkali, "Unalipa ugeni kwa babu yako?" Nikamwambia bamdogo, nimeshindwa kudanganya mbele yake. Akaniangalia muda mrefu. Kijana alipokea hela, akaandika risiti mbili, akaitafuta chenji mpaka akaipata, akanipa yote.

Kurudi hatukuongea mpaka karibu na mto. Pale mamdogo akaomba teksi isimame anunue mboga, binti akashuka naye, na mimi na bamdogo tukabaki ndani na dirisha wazi. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, wa baridi, una harufu ya moshi wa kuni. Nikamwambia, bamdogo, hii baridi ni nzuri. Akaitikia "ehee" tu.

Jioni majirani walikuja, ulanzi ukatengwa, na bamdogo akawasimulia safari nzima, Lugalo, wanafunzi, mjukuu wake alivyopiga kelele "Bremen, ni kwetu", na jinsi mwanae alivyowafundisha watoto wa watu historia palepale makumbusho. Alisimulia kwa sauti kubwa na mkono begani kwangu. Ile ya risiti hakuisema, na mimi sikuisema.