Jiwe la Kisii Kabla na Baada ya Mafuta

Jiwe la Kisii, ambalo wengi huliita jiwe la sabuni kwa sababu ya utelezi wake mkononi, huchimbwa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii nchini Kenya, na halitoki ardhini likiwa na rangi moja. Lipo jeupe, la rangi ya maziwa, la waridi, la kijivu, na lile jekundu lenye chuma ndani yake. Hata hivyo, likiwa kavu karibu kila jiwe huonekana limepauka, kana kwamba limenyunyiziwa unga, na mnunuzi asiyejua hulipita.

Huko Tabaka, kwa kawaida wanaume ndio huchonga, na wanawake husugua kinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji. Hao ndio huziona rangi za jiwe kwanza: likiwa majini mishipa ya zambarau hujitokeza wazi, na maji yakikauka hupotea tena. Msasa, hata uwe laini namna gani, huacha mikwaruzo midogo mno, na mwanga ukiigonga hutawanyika ovyo. Mafuta au nta ikijaza mikwaruzo hiyo, mwanga hupenya kidogo ndani ya jiwe, kisha hurudi ukiwa umebeba rangi yake halisi.

Mabadiliko hayo hayalingani. La kijivu hubadilika kuliko yote, kwani hukaribia weusi, na la waridi huiva likafanana na nyama ya pera. Jeupe mimi silipaki mafuta kabisa, maana huingia umanjano wenye mabaka. Hilo nalipaka nta nyembamba isiyo na rangi.

Bakuli langu la waridi niliwahi kulipaka mafuta ya alizeti. Kwa wiki chache lilipendeza sana, kisha likaanza kunata, likashika vumbi na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha, ikanibidi nilioshe kwa sabuni na kulisugua upya. Mafuta ya kupikia huharibika yakikaa hewani. Yale mepesi ya kupaka watoto, yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, hayachachi. Ninayapaka kwa kitambaa cha pamba, nasubiri nusu saa, kisha nafuta yaliyobaki juu.

Vinyago vilivyotiwa rangi ya dukani kisha vikachorwa nakshi ni jambo jingine, kwa sababu mafuta yanaweza kuing'oa rangi hiyo. Hivyo navijaribu kwanza chini ya kitako, mahali ambapo jicho halifiki.