Pedi inayokuja, na chumvi ya Lamu

Kaskazi imeshaanza kuvuma, stima leo haijakatika, nami nimekaa barazani nawaza pedi, ile ya kushika mkononi kuchezea michezo ya video. Si mashine yenyewe. Steam Machine, ile mashine ya michezo ambayo kampuni ya Valve waliitangaza Novemba 2025 wakaahidi kuitoa mapema 2026, huku kwetu itafika ikifika, na bei itakuwa ya wenye nazo. Kinachoninyima usingizi ni pedi yake.

Chini ya vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba ina vibao viwili vya mraba vya kugusa, kama kile cha kompyuta mpakato. Mgongoni ina vitufe vinne. Inahisi viganja vyako, na hapo unaweza kulenga kwa kuigeuza hewani. Sasa kijana wa mtaa wa Langoni asiyecheza ila mpira wa kwenye skrini, vibao atavifanyia nini? Labda ile michezo ya kujenga miji na kupanga majeshi, ambayo mpaka leo inataka mausi. Valve walishajaribu pedi ya namna hii mwaka 2015, vibao viwili na kijiti kimoja. Wengi hawakuizoea, na 2019 ikaachwa. Safari hii vijiti ni viwili, na hilo pekee lanipa imani.

Tena ni vijiti vya sumaku! Kwenye pedi nyingi, ubavuni mwa kijiti kuna kijikono cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni, na kila ukisukuma utepe unalika. Juzi kibandani Mkomani kijana mmoja alifungua pedi kuukuu. Akang'oa kifuniko kidogo kwa ncha ya bisibisi, na ndani ule weusi ulikuwa umechujuka. Akaufuta kwa pamba na spiriti, akafunga, akawasha. Beki kwenye skrini akaanza kutembea mwenyewe, bila kijiti kuguswa, taratibu, kuelekea goli lake.

"Ammi, huyu ashahongwa!" Kibanda kizima kikacheka.

Kwa sumaku, kinachopima mwendo wa kijiti hakisuguani na kitu, basi hakuna utepe wa kulika. Wala si uvumbuzi wa leo: Dreamcast, mashine ya michezo ya Sega, ilikuwa na kijiti cha namna hiyo tangu 1998. (Kwa nini karibu kila mtu aliipa kisogo njia hiyo miaka yote hii, nisianze, presha itanipanda.)

Wasiwasi wangu ni wa mtu wa pwani. Upepo wetu una chumvi, unakula bawaba na misumari ya majahazi, sembuse pedi. Kijiti kitapona, lakini pedi hii inachajiwa kwa kupachikwa juu ya kidude kinachoinasa kwa sumaku, na umeme unapita kwenye vipande vidogo vya chuma vilivyo wazi. Nabashiri hivyo ndivyo vitakavyoota kutu kwanza, kabla hata kaskazi ya pili haijaisha. Bahati nzuri wameacha na tundu la waya wa USB-C. Ikinifikia mkononi, mimi nitatumia waya.