Mkanda wa zabibu ulivyonitoa jasho

Jamani kuna kaka mmoja wa Area C alikuja anataka mkanda wenye nakshi za zabibu, si unajua tena Dodoma, nikamwambia hamna shida. Kugonga nakshi hakunisumbui, ngozi ilikuwa ile ya magome, iliyotengenezwa kwa magome ya miti (ya kromu, ile ya chumvi za kemikali, achana nayo, unagonga inarudi kama sponji), nikailowanisha, nikachora kwa kisu, nikagonga, mashada yakatoka yamevimba mpaka mke wangu akasifia, na yeye sio mtu wa kusifia sifia.

Kasheshe ikaja kwenye rangi. Antiki, kwa asiyeijua, ni rangi nzito kama kiwi ya kopo, unaipaka nakshi yote halafu unaifuta, inabaki kwenye mashimo tu, mchoro unasimama kama kitu cha babu. Ila ngozi ya magome inakunywa rangi balaa, so unaanza na rizisti, ile kinga ya majimaji inayoziba juu ili rangi isizame. Mimi nikapaka mkono mmoja, yaani mara moja tu, nikaanika juani, dakika kumi nagusa pakavu, nikaona twende. Dah. Kila pale kinga ilipokosa antiki ikazama moja kwa moja, mkanda ukawa kama umemwagiwa chai, na vumbi letu hili la mwezi wa tisa likaganda humo humo. Nikasugua wee, haitoki.

Nikakata mwingine. Safari hii mikono miwili, myembamba, wa kwanza kwa urefu na wa pili kwa upana, kivulini ndani, nikauacha ulale mpaka asubuhi. Halafu angalia mashimoni, rizisti ikituama humo inayajaza na antiki haina pa kushika, mimi naifyonza na brashi kavu kabla haijakauka. Antiki nikaisukumia ndani na mswaki wa zamani, na kufuta ndo kwenye utamu wenyewe, fulana kuukuu nimeivutia kwenye kipande cha ubao ikakaza, kwa hiyo inapita juu juu tu haichimbi mashimoni. Kila tunda likabaki na kivuli chake chini yake, nikakaa naliangalia tu kama mjinga.

Mkono wa mwisho wa kung'arisha nikajaribu kwanza kwenye kiraka cha ngozi ile ile, na afadhali, maana nilivyosugua tu sponji ikarudi na rangi ya kahawia. Kwenye mkanda wenyewe sikusugua, nikawa nadonoa donoa na sponji mpaka mwisho.

Kaka kaja kuuchukua, kaugeuza geuza, ananiuliza, "Fundi, mbona kama ulishavaliwa?" Nikaenda ndani nikamletea ule wa chai. Akalipa.